Maître wa Suruali Mbili

Mtu wa kumdanganya Moïse Zihindula alikuwa hajazaliwa. Na kama alikuwa amezaliwa, basi bado alikuwa ananyonya. Maneno hayo aliyasema Moïse mwenyewe kwenye bomba la maji la Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mbele ya foleni ya wanawake wenye ndoo, na hakuna aliyembishia, kwa sababu bomba lilikuwa limeanza kutoa maji.

"Mi nikiangalia muntu mara moja tu," alisema, "najua kama ni mwizi, ama ni pasta, ama ni vyote viwili. Papa anatafuta avocat. Mi njo nitamuchagua."

Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amemaliza sekondari, ukiondoa mwaka wa mwisho, ambao ulimalizwa na vita. Alijua pia Kiingereza, kwa maana kwamba nyumbani kwao hakuna aliyekijua vya kutosha kumwambia hakijui.

Baba yake, fundi Zihindula, mshonaji wa Bukavu aliyeoa Bujumbura, alikuwa ameenda Kanengo, eneo la viwanda la Lilongwe, kutafuta ganyu, yaani kibarua cha siku, katika ghala moja la tumbaku. Mashine ya kushindilia marobota ikamshika mkono wa kulia. Hospitali walifanya walichoweza. Vidole vilirudi vyote, lakini vilirudi kama wageni: wapo, wanakula, hawafanyi kazi.

Cherehani ya nyumba ile ilikuwa ya mkono. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Sasa aliyezungusha ni Fidès, mkewe, huku Zihindula akiongoza na kutoa amri.

"Polepole, Mama Moïse. Hii ni kola, si mashini ya kusaga."

"Ukitaka polepole, zungusha mwenyewe."

Wote wawili wakautazama ule mkono uliolala juu ya paja kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Kisha Fidès akazungusha, polepole sana, mpaka kola ikaisha.

Cherehani ya miguu ingemaliza shida yote: miguu ikanyage, mkono wa kushoto uongoze. Lakini cherehani ya miguu haioti shambani. Wa ghalani walikuwa wamemtuma kapitawo, msimamizi wa vibarua, na gunia la unga na karatasi ya kutia dole gumba kwamba mambo yamekwisha. Unga familia iliupokea. Karatasi walisema wataifikiria, na kapitawo akasema wafikirie mpaka Ijumaa, waje ofisini.

Hapo ndipo neno avocat, yaani mwanasheria, lilipoingia nyumbani, na Moïse akaanza kutembea kama mtu mwenye funguo.

*

Walikwenda Lilongwe kwa matola, nyuma ya pikapu iliyobeba kabichi: Zihindula ndani ya koti lake, Moïse, na jirani yao Générose, Mama wa Akeza, aliyekuwa anapeleka kapu la maharage mjini. Générose alijua mwanasheria mmoja. Shangazi wa mwanasheria huyo aliishi Nsungwi, mtaa wa mji huo huo, na Générose alikuwa akimfulia nguo.

"Unamujua kwa nguo zake?" Moïse alimuuliza.

"Namujua kwa shangazi yake. Hasemi uongo."

"Mama Akeza, avocat asiyesema uongo ni sawa na kinyozi hana wembe."

Kwa hiyo walianza na yule ambaye Moïse alimpenda kwa mbali, kwa ajili ya kibao chake cha shaba. Ofisi ilikuwa na zulia. Karani aliwauliza kama wamekuja kusafisha. Walipokwisha kueleza kwamba hawakuja kusafisha, waliketi kwenye benchi la nje hadi mwanasheria mwenyewe akapita kwenda kula, akatazama vumbi la Dzaleka kwenye viatu vyao, kisha zulia lake, kisha tena viatu. Akasema kwa Kiingereza kwamba watu hulipa kwanza, ndipo huketi.

"Umeona tumbo?" Moïse alinong'ona nje, kwa heshima. "Lile ni tumbo la kesi zilizoshinda."

"Lile tumbo litatula na sisi," alisema Zihindula.

Yule wa Générose alikuwa na chumba juu ya duka la mafuta ya taa na matairi ya baiskeli. Aliitwa Bi. Msiska, na alionekana kama mtu aliyetumwa kumwita Bi. Msiska. Aliwapa viti kabla ya kuwauliza lolote. Alimwacha Zihindula aseme, Moïse ageuze kwa Kiingereza chake, na pale Kiingereza kilipokwama alisubiri, kalamu mkononi, bila kucheka. Mwisho aliuliza jambo moja.

"Anasema, ile mashini ilikuwa imevaa?" Moïse aligeuza.

"Kuvaa nini?"

"Kifuniko. Chuma cha kuzuia mukono."

"Sikuiangalia sana," alisema Zihindula. "Ilikuwa inanikula."

Bi. Msiska akasema wasitie dole gumba popote kabla yeye hajaiona mashine hiyo kwa macho yake. Malipo wangezungumza wakishinda. Warudi Alhamisi.

Walipofika chini, kati ya matairi, Moïse alishindwa kujizuia. "Sasa ule ni avocat? Muda wote sisi njo tulikuwa tunasema, yeye anasikiliza! Avocat ni muntu wa kusema, Papa. Kusikiliza hata mi naweza."

"Ameuliza juu ya mashini," alisema Générose.

"Mashini haiendi tribunal, Mama Akeza."

Zihindula alijikuna shavu kwa mkono wa kushoto. "Iko mudogo sana. Akisimama mbele ya bakubwa, batamutuma maji."

"Hata mbuzi," alisema Moïse, "hununui imelala. Unaiangalia kwanza ikitembea. Twende pale banapofanyia kazi."

*

Mahakamani waliingia mwishoni mwa chumba, wakaketi kwenye ubao wa nyuma. Hakimu alikuwa juu, mdogo, mwenye mafua. Chini yake walikaa wanasheria wawili wenye majoho meusi, na kizimbani alisimama dereva wa lori wa Kitanzania, anayeshtakiwa kumgonga ng'ombe wa mtu.

Lakini aliyekuwa mwenye chumba ni mwingine. Alisimama katikati, mzee mrefu, suti ya kahawia, mikono nyuma, suruali imekusanywa kiunoni na mkanda kama mdomo wa gunia. Mwanasheria wa kwanza aliinuka, akanung'unika kidogo kwa Kiingereza, akakaa, hakuna aliyeshtuka. Mzee aliposema, chumba kizima kiliitika kwa vichwa. Mwanasheria wa pili vivyo hivyo. Shahidi aliponong'ona, mzee alinguruma. Hata hakimu alinyamaza kumpisha, na hakuna aliyethubutu kuendelea kabla mzee hajafunga mdomo.

Dereva akajitetea kwa Kiswahili. Mzee akamgeukia hakimu na kutoa Kiingereza kilichosikika mpaka barabarani.

"Amesema nini?" Zihindula aliuliza.

"Amesema 'mimi'." Moïse alikuwa amefungua macho. "Papa, anasema *mimi* sikuona ile ng'ombe, *mimi* nilifunga breki. Amejitwika kesi yote mwenyewe!"

Hakimu alipenga kamasi, akasema maneno machache chini chini. Mzee akamgeukia dereva, akavuta pumzi, na kwa Kiswahili safi kama sahani iliyooshwa akasema:

"Sioni kosa lako. Nakuachilia huru. Nenda zako, na uendeshe taratibu."

Dereva akalia. Askari akamfungulia. Zihindula alimshika mwanawe goti kwa mkono mzima, kwa nguvu.

"Umesikia? Amesema *nakuachilia*."

"Nimesikia, Papa."

"Na yule wa juu?"

"Yule? Yule iko anaandika tu."

Watu walipotoka, Moïse alimfuata mzee kwenye veranda. Zihindula alibaki kwenye ngazi, mkono ndani ya mfuko wa koti. Générose alikuwa kwenye nguzo, akijitwisha upya kapu la maharage. Moïse na mzee walizungumza, mzee akacheka, wakapeana mikono, na Moïse akarudi akiwa mrefu zaidi.

"Amekubali! Anaitwa Mwafulirwa, anatoka Karonga. Ijumaa atakuya na sisi Kanengo. Na hataki franga. Anataka suruali zake mbili zipunguzwe kiuno."

"Avocat wa suruali mbili?" aliuliza Fidès jioni ile, Dzaleka, akizishika kwa ncha za vidole zile suruali walizopitia kwa mzee kuzichukua.

"Bakubwa njo hivyo, Mama. Mudogo njo anaomba avance, franga ya mbele."

Fidès alimtazama Générose, aliyekuwa amesimama mlangoni kuchukua moto wa kuwashia mkaa. Générose hakusema kitu. Alikuwa mtu wa kutosema kitu, na Moïse alimpenda kwa hilo.

Alhamisi hakuna aliyerudi kwa Bi. Msiska. Siku nzima Fidès alizungusha, Zihindula akaongoza. Zilitoka suruali ambazo hata Bukavu zingesimamisha watu.

*

Ofisi ya ghala ilikuwa ya bati, na tumbaku ilikuwa imeingia hata ndani ya chai. Meneja alikaa nyuma ya meza, kapitawo pembeni yake, mpiga chapa dirishani. Mzee Mwafulirwa, kiuno kimekaa sawa, alisimama katikati ya pande mbili, mikono nyuma.

Meneja akasema kwa Chichewa. Mwafulirwa akawageukia Zihindula na Moïse.

"Karibuni. Mimi nasikitika kwa yaliyotokea, lakini mimi sina kosa."

Zihindula alimtazama, akampa cheo cha wanasheria wa kwao. "Maître, nani amekuambia uko na kosa?"

Mwafulirwa akamgeukia meneja akasema kitu, na meneja akakunja uso.

"Ni mbinu," Moïse alimnong'oneza baba yake. "Anabazungusha."

"Mimi kapitawo wangu alikuambia uvue koti," Mwafulirwa aliendelea kwa Kiswahili, baada ya meneja kusema tena. "Ukakataa. Mkono wa koti ndio ulioshikwa na mashine, ukavuta na mkono wako. Ni kweli au si kweli?"

Zihindula aliona saa ya mambo ya ndani imefika. Alisogea, akamvuta mwanasheria wake kwa mkono wa suti, akamwinamia sikioni.

"Maître, hii ni kati yangu na wewe. Ni kweli aliniambia. Sikuvua juu ya shimizi yangu, haina mugongo."

Ilikuwa kweli. Mgongo wa shati lile alikuwa ameukata mwenyewe ukawa mikono ya blauzi ya Fidès ya kwaya. Chini ya koti kulikuwa na kola, kifua na vifungo. Mtu aliyemtazama kwa mbele alimwona fundi. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kumtazama kwa nyuma.

Mwafulirwa alinyoosha mgongo. Akavuta pumzi. Akayasema yote kwa Chichewa, kwa sauti iliyozoea kufika ubao wa nyuma.

Mpiga chapa aliacha kupiga chapa. Kapitawo alitazama sakafu. Nje, juu ya marobota, mtu alicheka, akamsimulia mwenzake, na mwenzake akacheka. Zihindula alifunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Maître," alisema polepole, "nilisema kati yangu na wewe."

Mwafulirwa akamwambia meneja hilo pia.

Meneja sasa alikuwa mtu mwenye furaha. Alimwinamia kapitawo, akamnong'oneza maneno machache kwa Chichewa, ya wenyewe kwa wenyewe. Lakini Mwafulirwa katika kazi yake yote hakuwahi kuacha neno la mtu lianguke chini. Akawageukia akina Zihindula, kwa sauti ile ile:

"Hawa wamekuja na mkalimani tu, hawana mwanasheria. Wape chochote leo watie dole gumba. Wakipata mwanasheria, atauliza kile kifuniko cha mashine tulichokitoa mwaka jana ili kazi iende haraka."

Kisha akanyamaza, mikono nyuma, akimsubiri anayefuata.

Hakuna aliyefuata. Meneja alikuwa na uso wa mtu aliyekalia kalamu.

"Mukalimani?" alisema Zihindula hatimaye. Hakumtazama meneja. Alimtazama mwanawe.

Moïse alishangaa kuliko wote. "Papa, kama mi ningejua!"

"Na kifuniko… njo kile yule binti aliuliza."

"Njo kile."

"Basi turudi kwake." Zihindula aliinuka. "Leo hii. Tumuambie."

"Papa, kaa." Moïse alimshika koti. "Chukua sasa. Leo huyu patron iko na haya. Kesho haya itakuwa imeisha, kile kifuniko kitakuwa kimerudi, na sisi tutabaki na maneno. Yule binti ataanza kuuliza tulikuwa wapi Alhamisi, ni nani alituletea mukalimani, mambo mengi. Chukua sasa, Papa."

Zihindula aligeuza macho pembeni. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani, kati ya nguo za magunia za kufungia tumbaku, kulikuwa na cherehani ya miguu, nyeusi, kuukuu, imejaa vumbi la magunia. Aliitazama kama mtu anavyomtazama ndugu yake kituoni, hana hakika.

"Inatembea?" aliuliza.

Mwafulirwa akauliza kwa Chichewa. Meneja akajibu haraka.

"Inatembea vizuri sana," akasema Mwafulirwa. "Nakupa leo hii. Na gunia jingine la unga."

Zihindula akatia dole gumba la kushoto, kwa sababu la kulia halikukubali kukaa juu ya karatasi. Walirudi Dzaleka kwa matola, cherehani imelala juu ya magunia, na Mwafulirwa aliposhuka njiani aliwapungia mkono na kuwashukuru kwa suruali.

*

Hivyo ndivyo Moïse alivyokuwa akiisimulia hadithi hii, tangu neno la kwanza mpaka hapo, katika kibanda cha kinyozi Nahayo, radio ikiimba chini chini. Alijiita "Moïse", kana kwamba anamsimulia mtu mwingine, na alijicheka mwenyewe mahali pa kuchekwa, ili watu wasimcheke mahali pengine. Aliiga sauti ya mzee. Aliiga uso wa meneja. Watu walikuwa wakija kunyolewa nywele ambazo hazijaota ili wasikie tena ile ya ng'ombe.

Upande wa pili wa uzio wa matete baba yake alikuwa kazini. Cherehani ya miguu ilikwenda taka-taka-taka, ikapumzika kwenye pindo, ikaenda tena. Mkono wa kulia ulilala juu ya kitambaa kama uzito tu.

"Na Moïse akashangaa kuliko wote," alimalizia siku ile, mikono hewani. "Muzee mwenye suti, sauti kama radio, muntu angejua je?"

Watu walicheka. Générose hakucheka. Alikuwa kwenye benchi, amempakata Akeza anayesubiri zamu ya kunyolewa.

"Moïse," alisema. "Pale kwenye veranda umeruka."

"Nimeruka nini, Mama Akeza?"

"Maneno ya yule muzee. Unasema mulizungumza, akacheka. Mulizungumza nini?"

"Mambo ya suruali."

"Suruali ilikuya nyuma. Mi nilikuwa kwenye nguzo, kapu kwenye kichwa. Alikuambia: kijana, mimi si mwanasheria, mimi ni mkalimani. Nikasema labda hukusikia. Akakuambia mara ya pili, akakuonyesha na mulango wa wanasheria. We ukamuambia: haizuru, kuya tu, sura yako inatosha. Hapo njo alicheka."

Nahayo aliinua wembe kutoka kwenye kichwa alichokuwa anakinyoa, akaushikilia hewani.

"Nilinyamaza," Générose aliendelea, kwa sauti yake ya kila siku, "nilifikiri utamuambia baba yako kwenye matola. Njia ni ndefu. Hukusema. Ni juu ya kujisifu kwako kwenye bomba, na mi nilikuwa kwenye foleni. Jana nimepeleka nguo Nsungwi, Bi. Msiska alikuwa kwa shangazi yake. Nikamueleza yote. Aliuliza kitu kimoja tu: kama dole gumba limeshawekwa. Nikasema ndiyo. Akasema kwa maneno yale ya patron, mukono ule ungelipwa mukono. Sasa umelipwa cherehani. Akanishukuru kwa nguo."

Moïse alifungua mdomo kutafuta utani. Alikuwa nao mwingi siku zote.

"Mama Akeza, we unajua kusimulia ni kusimulia, muntu anafupisha…"

Aliacha hapo, kwa sababu alisikia sauti yake mwenyewe imekuwa kubwa mno kibandani. Ikamchukua muda kujua kwa nini. Upande wa pili wa matete cherehani ilikuwa imenyamaza, na haikuwa kwenye pindo.

"Mama Akeza," sauti ya Zihindula ilikuja kupitia uzio, taratibu.

"Niko, Papa Moïse."

"Nahayo, funga radio. Mama Akeza, rudilia tangu kwenye nguzo. Sema yote kama yule muzee. Usipunguze hata moja."